Vikataji vitatu vya kupigia rafu kalibu za plastiki: tathmini baada ya mabeseni matatu

Beseni la mstatili la kuoshea vyombo, lenye mdomo wa milimita 300 kwa 220, kina cha milimita 110 na kuta zilizolala kwa nyuzi 5, huonekana kitu chepesi sana likiwa limepangwa sokoni. Upande wa jike wa kalibu yake, yaani shimo linaloipa plastiki sura ya nje ya beseni, unadai kuondolewa kwa takriban lita 6.6 za chuma kutoka kwenye bonge moja, na kwa uzito hizo ni zaidi ya kilo 51 za maranda yanayopaswa kutoka kabla fundi hajaanza hata kufikiria kung'arisha uso. Kazi hiyo ndiyo tunayoiita kupiga rafu. Ndiyo inayokula saa nyingi za mashine na tipu nyingi za kabaidi, yaani vipande vidogo vya makali magumu vinavyofungwa kwenye kikataji kwa skrubu, na ndiyo inayoamua kama bei uliyompa mteja itakuachia chochote mfukoni.

Karakana yetu iko Chang'ombe, Dar es Salaam, na mashine ninayoizungumzia ni ya CNC ya kusimama, yaani inayoongozwa na kompyuta, yenye koni ya BT40 (saizi ya tundu la kushikia vikataji), mota ya kilowati 11 ya spindo, mhimili unaokizungusha kikataji, na mwendo usiozidi mizunguko 10,000 kwa dakika. Kalibu nyingi zinazotumika katika viwanda vyetu vya plastiki huagizwa kutoka China, hasa wilaya ya Huangyan katika mji wa Taizhou, mahali ambapo utengenezaji wa kalibu ndio uti wa mgongo wa uchumi. Sisi hupata kazi pale mteja asipoweza kusubiri meli, au anapotaka kukaa na mchongaji meza moja wakati sura ya bidhaa ingali inabadilika. Kwa mwaka mmoja uliopita tumechonga majike matatu ya mabeseni ya ukubwa tofauti, na kila moja tukaliachia kikataji chake na njia yake ya kukata: la kwanza kikataji cha tipu za duara, la pili kikataji cha mwendo mkali, la tatu endimili (kikataji chenye umbo la fimbo) ya kabaidi nzima iliyoendeshwa kwa njia inayodhibiti mguso. Tathmini hii ni ya vitu hivyo vitatu, kila kikataji pamoja na njia yake, kwa sababu nimejifunza kwamba anayenunua kikataji bila kufikiria njia, au anayelipia programu ya CAM, ile inayopanga njia za kikataji kwenye kompyuta, bila kununua kikataji kinachoifaa, amenunua nusu ya kitu.

Chuma chenyewe kilikuwa cha kalibu chenye namba 1.2738, ndugu wa karibu wa kile kiitwacho P20, ambacho hutoka kiwandani kikiwa tayari kimetiwa ugumu wa takriban HB 280 hadi 325 kwa kipimo cha Brinell. Tofauti yake kubwa na chuma kingine cha kalibu, 1.2311, ni nikeli ya karibu asilimia 1, inayofanya ugumu ufike hadi katikati ya bonge nene badala ya kuishia karibu na ngozi. Muuza chuma anaweza kukushauri uchukue 1.2312 kwa kuwa hukatika kwa urahisi zaidi, na kweli hukatika, lakini urahisi huo unatokana na salfa iliyoongezwa, na salfa hiyo huonekana kama vidoa na mikwaruzo uso unapong'arishwa. Kwa beseni ambalo mnunuzi anataka ling'ae, usikubali.

Kwa kuwa mabeseni hayakulingana ukubwa, sitalinganisha saa za ukutani. Nitalinganisha kiasi cha chuma kinachoondolewa kwa dakika, na kila mara nitapima viwango hivyo kwa jike lile lile la lita 6.6 nililoanza nalo, ili msomaji aone tofauti bila kuchanganywa na ukubwa wa kazi.

Kikataji cha tipu za duara ndicho tulichokuwa nacho tangu zamani, na ndicho ambacho karakana nyingi hapa mjini zinacho. Chetu kina kipenyo cha milimita 32 na tipu tatu za duara zenye kipenyo cha milimita 12. Kwa mwendo wa makali wa mita 160 kwa dakika spindo huzunguka mara 1,590, na kwa kulisha (kusogeza kikataji mbele) milimita 0.3 kwa kila jino, tabaka la milimita 1.5 na upana wa mpito wa milimita 22, huondoa takriban sentimita za ujazo 47 kwa dakika. Jike letu la mfano lingechukua dakika 140 za kukata peke yake. Sifa yake kubwa ni uvumilivu. Tipu ya duara haina kona ya kuvunjika, na ikichakaa upande mmoja huigeuza kidogo ukapata makali mapya, mara nyingi zaidi ya manne kwa tipu moja. Ukikata bonge lenye ngozi ya moto wa kiwandani, au kalibu ya zamani iliyojazwa kwa kulehemu ili ichongwe upya, hiki ndicho cha kukishika kwanza. Kasoro yake hujitokeza shimo linapozidi kina. Nguvu inayokisukuma kikataji pembeni ni kubwa, na tulipofika milimita 80 chini, holda, yaani kishikio cha kikataji, ikiwa imetokeza karibu mara nne ya kipenyo, mtetemo ulianza kusikika hadi ofisini, tukalazimika kupunguza kina cha tabaka na mwendo pia. Sehemu ya tatu ya mwisho ya shimo ilichukua muda mrefu kuliko mbili za kwanza zikiwekwa pamoja.

Kikataji cha mwendo mkali kwa nje kinafanana na kile cha kwanza, lakini tofauti iko kwenye jinsi tipu inavyolala. Makali yake yamelala karibu sambamba na sakafu, kwa pembe ya nyuzi 10 hadi 20 hivi, na pembe hiyo ndiyo inayobadilisha hesabu yote. Unene halisi wa randa la chuma linalotoka ni kiasi cha kulisha kwa kila jino mara saini ya pembe ya makali. Kwa nyuzi 10, kulisha milimita nzima kwa kila jino hutoa randa lenye unene wa milimita 0.17 tu, ambao tipu ya kabaidi inaubeba bila shida. Fundi aliyezoea kulisha 0.15 au 0.2 huona namba hiyo ya 1.0 kwenye katalogi na kudhani ni kosa la uchapaji, na nakiri kwamba kwa siku mbili za kwanza tulikiendesha kwa 0.4 kwa woga. Matokeo yake yalikuwa mabaya kuliko kama tungekifuata kitabu: randa lilikuwa jembamba mno, makali yakawa yanasugua badala ya kukata, na tipu zikachakaa upesi.

Tulipokubali kukiendesha kinavyotakiwa, kwa kipenyo kile kile cha milimita 32, meno matatu, mita 160 kwa dakika, milimita 1.0 kwa jino, tabaka la milimita 0.8 na mpito wa milimita 22, meza ilikwenda kwa karibu milimita 4,775 kwa dakika na kikataji kikaondoa sentimita za ujazo 84 kwa dakika. Kwa jike la mfano hizo ni dakika 78 mahali pa 140. Nguvu inayohitajika kwa mahesabu ni kilowati 3 na nusu hivi, chini sana ya uwezo wa mota yetu, na hapo nikaelewa kwamba kwa miaka yote kilichokuwa kikituzuia hakikuwa mota bali ukakamavu wa kikataji na holda yake. Kwa sababu makali yamelala, sehemu kubwa ya nguvu ya ukataji huelekea juu, kwenye mhimili wa spindo, mahali ambapo mashine ni imara kuliko mahali pengine popote. Ndiyo maana kilifika sakafu ya milimita 110 bila mtetemo wa kutisha, kikiwa kimetokeza urefu ule ule uliomshinda mwenzake.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea. Kwenye ukuta uliolala nyuzi 5, tabaka la milimita 0.8 huacha ngazi yenye upana wa milimita 0.07 tu. Ukuta unatoka rafu ukiwa karibu laini, na endimili ya kumalizia hukutana na kiasi kile kile cha chuma kuanzia juu hadi chini. Kwenye duara la chini, pale ukuta unapokutana na sakafu kwa rediasi ya milimita 12, matabaka membamba yanafuata mviringo huo kwa ukaribu ambao kikataji cha matabaka manene hakiwezi kuukaribia.

Njia inayokifaa kikataji hiki ni ya kawaida kabisa: matabaka ya usawa mmoja, mizunguko inayofuata umbo la shimo kutoka ndani kwenda nje, kona zote za njia zikiwa zimeviringwa. Karibu kila programu ya CAM, hata ya zamani, inaweza kuitengeneza. Yapo mambo mawili tu ya kuangalia kwa makini. La kwanza ni kwamba kwenye programu kikataji huandikwa kana kwamba kina kona ya duara yenye rediasi inayotolewa na katalogi, ilhali umbo halisi la tipu si duara. Tofauti hiyo huacha chuma kidogo kwenye kona za chini ambacho programu haikijui isipoelezwa. La pili lilitugharimu kikataji. Kwenye ukingo wa beseni kulikuwa na mfereji wa sehemu ya kushikia, wenye upana wa milimita 38, na programu ikakipeleka kikataji cha milimita 32 kishuke humo kwa mzunguko wa parafujo. Katikati ya kikataji hiki hakuna makali. Chetu kina eneo tupu lenye kipenyo cha karibu milimita 14. Mzunguko ulikuwa mdogo mno, kwa hiyo kinguzo cha chuma kilibaki kimesimama katikati ya shimo, kikapiga kitako cha kikataji, na ndani ya muda wa kunyanyua mkono kuelekea kitufe chekundu tipu zote tatu zilikuwa zimekwisha na kiti cha tipu moja kimepinda. Hesabu yake ni rahisi na tangu siku hiyo imeandikwa ukutani: kwa kikataji chetu, shimo la kushukia lisiwe na kipenyo chini ya milimita 46, na eneo lolote jembamba kuliko hapo programu iambiwe iliruke, likatwe baadaye na kikataji kidogo.

Nimeshangazwa na jinsi mafundi wengi wanavyokikwepa kikataji hiki kwa sababu ya sauti. Kweli kina sauti kavu na ya haraka, na meza inapogeuka kwa mwendo ule mashine nyepesi hutikisika. Anayefanya kazi kwenye mashine ya zamani yenye skrubu za kuendeshea zilizolegea, au ambayo kompyuta yake haiwezi kutazama mbele mistari mingi ya programu, asikiendeshe kwa milimita 4,775 kwa dakika. Apunguze idadi ya meno, asipunguze kulisha kwa kila jino.

Kikataji cha tatu ndicho kinachosifiwa kuliko vyote kwenye video za mafundi wa Ulaya na Marekani, na sifa zake ni za haki kwa kazi inayokifaa. Ni endimili ya kabaidi nzima yenye kipenyo cha milimita 12 na meno matano, iliyofunikwa kwa utando wa alumini, titani na naitrojeni. Njia yake ndiyo yenye maajabu. Katika njia ya kawaida yenye mpito wa nusu ya kipenyo, kikataji hugusana na chuma kwa nyuzi 90 za mzingo wake kikiwa kwenye mstari ulionyooka, na kikifika kwenye kona ya ndani mguso huo hupanda hadi nyuzi 180. Mzigo huongezeka maradufu kwa ghafla, na kona ndizo zinazovunja endimili. Njia inayodhibiti mguso haifuati umbo la shimo; hutafuta mkondo wenye mapindo laini ambao mguso wake haupiti kiwango ulichokiweka. Kwa mpito wa asilimia 10 ya kipenyo mguso ni nyuzi 37 tu, kwa hiyo kila jino liko ndani ya chuma kwa takriban sehemu moja ya kumi ya mzunguko na sehemu tisa linapoa hewani. Ndiyo sababu unaweza kuzamisha urefu wote wa makali, milimita 24 kwa pigo moja, bila kuichoma endimili.

Kila programu imeipa njia hii jina lake. Katika Fusion inaitwa Adaptive, nayo ilitoka HSMWorks, kampuni ya Denmark ambayo Autodesk iliinunua mwaka 2012. Mastercam huiita Dynamic, SolidCAM huiita iMachining, na PowerMill ina Vortex. Sisi tulitumia ile ya Fusion. Kwa anayefikiria kuanza na leseni ya bure ya matumizi binafsi, afahamu kwamba haikuwekwa kwa ajili ya biashara, na tangu mwaka 2020 inaugeuza mwendo wa haraka wa hewani kuwa mwendo wa kawaida wa kulisha. Kwa njia ambayo kikataji hurudi nyuma baada ya kila mkato, upungufu huo unauma. Karakana inayochonga kwa ajili ya mteja inapaswa kulipa, na fedha hiyo iingizwe kwenye bei tangu mwanzo.

Kwa mita 150 kwa dakika, mizunguko 3,980, kulisha milimita 0.1 kwa jino, kina cha milimita 24 na mpito wa milimita 1.2, endimili yetu iliondoa takriban sentimita za ujazo 57 kwa dakika. Ni zaidi ya tipu za duara, pungufu ya mwendo mkali. Endimili ya milimita 16 ingefika karibu 90 na kushinda zote, lakini bei ya kabaidi nzima hupanda haraka kuliko kipenyo chake, na kosa moja huitupa yote, wakati kosa la kikataji cha tipu kwa kawaida hukugharimu tipu.

Tatizo kubwa la endimili hii kwenye jike la beseni si kasi. Ni urefu. Shimo lina kina cha milimita 110, na endimili ya milimita 12 iliyotokeza kiasi hicho ingekuwa imezidi mara tisa ya kipenyo chake, jambo lisilowezekana kwa ukataji wa kina namna hii. Juu, hadi milimita 45 hivi, ilifanya kazi nzuri mno: maranda membamba marefu yaliyo sawa yote, rangi ya dhahabu iliyoiva, na spindo ikiimba sauti moja bila kubadilika. Chini ya hapo holda ikaanza kuukaribia ukuta, na ukuta wa nyuzi 5 hauachi nafasi ya kutosha kwa holda ya koleti (pete inayokibana kikataji) ya saizi ya ER32. Tukabaki tunakata katikati ya shimo tu, tukiacha mkanda wa chuma kuzunguka kuta zote ambao ulirudishwa kwa kikataji cha mwendo mkali. Zaidi ya hayo, matabaka ya milimita 24 kwenye ukuta wa nyuzi 5 huacha ngazi za milimita 2.1, mara thelathini ya zile za kikataji cha pili. Programu ina kipengele cha kupanda kutoka chini kwa hatua ndogo ili kuzipunguza ngazi hizo, na ni lazima kitumike, lakini kila hatua inaongeza muda na hesabu nzuri ya 57 inashuka.

Jambo la koleti linastahili aya yake. Endimili yenye makali ya parafujo, ikizamishwa urefu wake wote, hujivuta kutoka kwenye holda kama skrubu inavyojivuta kwenye ubao. Koleti yetu ilikuwa ya zamani. Katikati ya beseni la tatu endimili ilishuka taratibu, milimita moja na nusu, na hakuna aliyeona hadi tulipopima sakafu. Kwa bahati tulikuwa tumeacha milimita mbili za ziada kwenye sakafu, vinginevyo bonge zima lingepotea. Pia, kwa kuwa unene wa randa katika njia hii ni milimita 0.06 tu, kuyumba kwa ncha kwa milimita 0.03 kunamaanisha baadhi ya meno yanakata zaidi sana ya sehemu yao na mengine pungufu sana. Pima kwa dayo, saa ya kupimia kuyumba, kabla ya kuanza, na usikubali zaidi ya 0.01. Holda ya kubana kwa joto ndiyo bora, lakini mashine ya kuipashia ni gharama nyingine. Koleti mpya iliyokazwa kwa spana yenye kipimo inatosha kwa kuanzia.

Vikataji vyote vitatu tuliviendesha vikavu, kwa upepo badala ya maji. Kabaidi inayoingia na kutoka kwenye chuma mara maelfu kwa dakika hupata moto na kupoa kila mara, na maji huongeza mshtuko huo hadi makali yanapata nyufa ndogo zilizosimama kama meno ya kitana. Upepo kazi yake ni kufukuza maranda. Katika shimo lililozibwa pande zote maranda hayana pa kwenda, na kikataji kinachokata randa lililokwisha kukatwa hufa mapema bila mtu kujua sababu. Kompresa ndogo ya kupulizia matairi haitoshi. Tulifunga mabomba mawili yanayofuata kikataji kutoka pande mbili, na kila milimita 20 za kina tunasimamisha mashine na kufagia shimo. Kwa kipimo changu, upepo mzuri umeongeza maisha ya tipu kuliko mabadiliko yoyote ya namba kwenye programu.

Sasa jambo ambalo katalogi za Ulaya hazina sababu ya kulitaja: umeme. Umeme ukikatika katikati ya rafu, spindo husimama kikataji kikiwa ndani ya chuma, na swali ni jinsi ya kurudi. Kwa kikataji cha mwendo mkali kurudi ni rahisi. Matabaka ni 138 kwa jike la milimita 110, kila moja limejitegemea; tunabadilisha tipu, tunainua tabaka moja juu ya lile lililokatizwa na kuanza hapo, na hasara ni dakika moja au mbili za kukata hewa. Kwa njia inayodhibiti mguso hali ni nyingine. Njia yake ni mkondo mmoja mrefu wenye mistari maelfu kwa maelfu, na usalama wake wote unategemea ukweli kwamba chuma kilichotangulia kimekwisha kuondolewa. Ukianza mahali pasipo sahihi, hata kwa milimita chache, endimili huingia kwa upana wake wote ikiwa na kina cha milimita 24, na hiyo ndiyo mwisho wake. Tulichojifunza ni kuigawa programu kwa kina, faili moja kwa kila pigo la milimita 24, na umeme ukikatika kurudi kwenye kompyuta, kuonyesha chuma kilichobaki, kisha kuitengeneza njia upya. Inawezekana, lakini inataka mtu mwenye utulivu, na saa tatu usiku umeme unaporudi utulivu huo si wa kila mtu.

Mistari hiyo mingi ina athari nyingine pia. Kompyuta ya mashine ya zamani haina nafasi ya kuiweka yote, na ikilishwa kwa waya polepole, mashine hudunda kwenye kila kipande kidogo cha mstari. Kwa rafu, legeza ustahimilivu wa njia hadi milimita 0.1, acha milimita 0.5 za chuma kwenye kuta, na uiruhusu programu ibadilishe vipande vidogo kuwa matao. Kwenye mashine zenye kompyuta ya Fanuc inayoweza kutazama mbele mistari mingi, kuwasha uwezo huo kwa amri ya G05.1 Q1 mwanzoni mwa programu kulibadilisha tabia ya mashine yetu kwa kiwango ambacho mwendeshaji alidhani tumeirekebisha.

Kuhusu ununuzi, niseme moja. Tipu bandia zipo sokoni, zikiwa kwenye boksi lenye chapa inayojulikana na namba sahihi. Tulinunua pakiti ya kumi katika duka moja ambalo sitalitaja. Utando ulibanduka ndani ya dakika kumi za kukata na tipu mbili zikapasuka kabla ya tabaka la tano. Tangu hapo tunapima unene wa tipu kadhaa za pakiti moja kwa maikromita: za kweli zinalingana hadi kwenye mia za milimita, zile hazikulingana. Tunanunua pia skrubu mpya za tipu na kuzikaza kwa bisibisi ya kipimo, kwa kuwa skrubu iliyovutika haishiki tipu hata kama tipu ni halali.

Kwa jike pana, lenye kina na kuta zilizolala, kama beseni, kreti au sinia, nanunua kikataji cha mwendo mkali na njia ya matabaka membamba, bila kusita, na ningekinunua hata kama ningekuwa na fedha ya kimoja tu. Endimili ya kabaidi na njia inayodhibiti mguso ninaitunzia kazi nyingine: upande wa dume, yaani ule unaoipa plastiki sura ya ndani, ambako chuma kiko wazi pembeni na kikataji huingia kutokea nje bila kushuka kwa parafujo; mashimo ya kina kifupi yenye kuta zilizosimama wima; na zaidi ya yote, alumini ya 7075 tunayoitumia kwa kalibu za kupuliza madumu na chupa. Huko, kwa mizunguko 10,000, meno matatu, mpito wa milimita 3 na kina kile kile cha 24, endimili ya milimita 12 huondoa sentimita za ujazo 216 kwa dakika, na hakuna kikataji kingine karakanani kinachoikaribia. Tipu za duara zimebaki kwenye kabati la kwanza karibu na mlango, kwa ajili ya mabonge yenye ngozi na kalibu zilizolehemewa, na hazitaondoka hapo.

Beseni la nne limekwisha kuagizwa, lenye kina cha milimita 150 na mbavu tatu nyembamba kwenye sakafu. Kwa kilindi tumeagiza kikataji cha mwendo mkali cha milimita 40 chenye meno manne, kwa sababu milimita 32 zikitokeza zaidi ya 150 zitakuwa zimezidi mara nne na nusu ya kipenyo. Kwa mifereji ya mbavu hakuna hata kimoja kati ya hivi vitatu kinachoingia, na hiyo itapelekwa kwenye mashine ya cheche za umeme.